Harufu ya Kwetu Ndani ya Mafuta ya Watu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kumbukumbu yangu haikubali kuiachia. Ni siku ya pili ya safari yangu kutoka Kigoma, basi liliposimama mpakani Rusumo na sisi abiria tukashuka na vumbi mpaka kwenye kope. Mama alikuwa amenifungia dagaa katika mifuko mitatu ya plastiki. Askari wa upande wa Rwanda akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba dagaa waingie lakini mifuko ibaki, maana plastiki kwao ni marufuku. Nikawamimina kwenye shati langu la Jumapili, nikafunga mikono ya shati, nikavuka daraja. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika nchi ya baba yangu kwa mara ya kwanza: nanuka ziwa.

Nilikuwa nakaribia miaka thelathini, nina cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Baba alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Tanzania, akafa kabla hajarudi kwao. Mama ni Muha, na tangu nimjue anakamua mawese. Tuliyapikia, tuliyapaka kwenye mikwaruzo, tuliyauza tukanunua madaftari. Nakueleza haya mapema kwa sababu bila hayo hutaelewa kosa langu.

Kigali nilifikia mtaa wa Gitega kwa shangazi yangu, dada yake baba, katika chumba ambacho ukinyoosha miguu unagusa mlango. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi katika kiwanda cha kusafisha mafuta ya kula. Nilidhani ananitania. Mafuta gani? Nchi ile haina bahari, haina bandari, na mchikichi ukiuona umepandwa kama ua. Kumbe mafuta ghafi ya mawese yalitoka ng'ambo kwa meli, yakashushwa Dar es Salaam, yakapanda milima kwa malori ya tangi, mazito na mekundu. Kiwandani tuliyaondolea utomvu, tukayapausha kwa udongo maalumu, halafu tukayapitishia mvuke mkali ili harufu yote iishe. Yalitoka angavu, hayana ladha wala harufu. Na mengi yake hayakuliwa pale. Yalipakiwa tena, yakavuka kwenda Bukavu na Goma.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Sudi, Mwislamu wa mtaa wa Biryogo, mtu mfupi aliyenyoa ndevu kila asubuhi kwa sabuni isiyo na manukato. Babu yake alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani, hakurudi tena. Maabara ilipima rangi na asidi kwa mashine, lakini neno la mwisho kuhusu harufu lilikuwa la mdomo wa Mzee Sudi. Kila mkupuo, yaani mafuta yaliyosafishwa kwa mara moja, ulipotoka kwenye mvuke, alisukutua kwa maji ya uvuguvugu, akatafuna kipande cha muhogo uliochemshwa bila chumvi, kisha akatia kinywani nusu kijiko cha mafuta, akafumba mdomo na kutoa pumzi puani. Akitema kimya, tulipakia. Akisema "Rudisha," mafuta yalirudi kwenye mvuke, hata kama meneja mwenyewe alikuwa amesimama pale ameshika saa.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo kwa mafuta ya kukaangia mandazi.

"Sha, sikiliza," akasema. "Hapa hakuna kitu iko yetu. Mafuta ni ya watu, meli ni ya watu, bahari ni ya watu. Yetu ni hii tu, kuondoa harufu. Tukiuza na harufu, tumeuza nini?"

Nilicheka. Kijana huwa anacheka neno ambalo atalilipia baadaye.

Alinifundisha mwaka mzima: usile kitunguu kabla ya kazi, usivute sigara, usiote moto wa kuni, na usionje ukiwa na njaa wala ukiwa na hasira. Ulipofika mwezi wa Ramadhani, alipanga zamu yake iishe saa tisa ili awahi futari, na mchana alionja na kutema bila kumeza chochote. Mikupuo ya jioni akaniachia mimi Mkristo, na akaniachia pia karatasi za kupitisha mafuta akiwa amekwisha kuzitia sahihi yake. Halikuwa jambo la kanuni. Lilikuwa jambo la kuaminiana. Mzee aliniamini kama mtu anavyomwamini jirani aliyemwachia ufunguo.

Sasa ikaja jioni yenyewe. Boila ilikuwa imelegea mchana, mvuke ukashuka, kisha ukapanda tena. Lori la Mama Sifa, mteja wetu mkubwa wa Bukavu, lilikuwa langoni tangu saa nane. Fundi wa boila akaniuliza, "Bosi wa kijiko, turudishe au tupakie?"

Nikasukutua. Nikatafuna muhogo. Nikatia mafuta kinywani, nikatoa pumzi. Mwanzo hapakuwa na kitu. Halafu, nyuma kabisa ya koo, polepole, ikaja harufu ya kwetu. Niliuona uwanja wa mama, sufuria kubwa juu ya mafiga matatu, dada zangu wakikoroga huku wakiimba na vidole vyao vimekuwa vya rangi ya machungwa. Mwaka mzima katika jiji safi lile nilikuwa sijanusa kitu kilichoniita kwa jina. Nikafumba macho. Nilisimama hivyo labda dakika nzima, na fundi akadhani napima kwa makini.

"Safi," nikasema. "Pakieni."

Siku ya sita Mama Sifa alirudi, yeye na lori na madumu yake yote. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza uwanja. Hakwenda ofisini. Alisimama katikati ya sisi wapakiaji, akafungua dumu moja, akamwita meneja anuse.

"Iki kitu ni nini? Batu banarudisha mandazi, banasema inanuka mawese! Mawese iko kwetu, papa! Kwetu mutoto mudogo anakamua mawese! Kama nataka mawese, nitapanda milima yote hii kuya kwenu kutafuta nini?"

Watu walicheka, mimi nikiwamo. Meneja hakucheka. Alileta karatasi ya mkupuo ule, akamwonyesha Mzee Sudi sahihi. "Muzehe, hii ni yako?"

Mzee Sudi aliyanusa yale mafuta. Kisha akaniangalia mimi, si kwa muda mrefu, kiasi cha mtu kukohoa na kusema neno. Sikukohoa.

"Sahihi ni yangu," akasema.

Akaambiwa akapumzike nyumbani mpaka wakubwa waamue. Alipokuwa akivua koti lake la kazi, mpakiaji mmoja akasema, "Pua nayo inazeeka," na kicheko kingine kikapita. Mwanangu, na hapo pia nilicheka. Nilimpitisha mzee yule getini kwa kicheko changu.

Siku mbili nilikaa kimya. Nilijiambia maneno mengi matamu. Nilijiambia mwacha asili ni mtumwa, na mimi sikuiacha asili yangu, kosa liko wapi? Ukimwona mtu anaomba methali zimtetee, jua kwamba yeye mwenyewe hana la kusema.

Siku ya tatu, jua likielekea kuzama, nikashuka kwa miguu mpaka Biryogo. Mke wa mzee alikuwa mshonaji wa nguo hapo barazani, na cherehani yake ilikuwa imefunikwa kwa sababu ya saa ya kufuturu. Mzee alikaa kwenye mkeka, tende tatu mbele yake, anasubiri adhana. Nikamwambia yote.

"Unaniambia mimi?" akasema. "Mimi najua tangu siku ile. Ulisikia harufu, ao hukusikia?"

"Niliisikia, mzee."

"Basi?"

"Ilikuwa nzuri."

Akapanga upya zile tende. "Kama hukuisikia, ningesema mtoto hajajua kazi, tutamfundisha. Kama uliogopa lile lori, ningesema ni woga, utamtoka. Lakini wewe uliisikia ukaipenda, ukawauzia watu hamu yako. Yule mama hakununua hamu yako, mwana wanjye. Na mimi unanipa maneno haya nifanye nayo nini? Iko mtu anaitwa meneja. Nenda kwake."

Adhana ikalia. Akachukua tende moja, akanisukumia nyingine. "Kula kwanza," akasema. "Mtu hatoki kwangu na tumbo tupu, hata wewe."

Niliila ile tende kwa shida zaidi kuliko chakula chochote nilichowahi kula.

Kesho yake nilisema mbele ya meneja na mbele ya Mama Sifa, ambaye alikuwa bado yuko Kigali akisubiri mafuta mengine. Mama Sifa aliniangalia kutoka juu hadi chini. "Ah, weye ndiye mutoto ya mawese! Na ulinyamaza, ukaacha baba muzima apate haya?" Meneja hakupaza sauti. Aliniambia nirudishe koti na kijiko, na kabla ya adhuhuri pikipiki ya abiria ilikuwa imetumwa Biryogo kumrudisha Mzee Sudi kazini.

Wengine watakwambia mkweli hulipwa papo hapo. Mimi sikulipwa. Mficha uchi hazai, ni kweli, lakini aliyekwisha kuuonyesha baada ya siku tatu hupewa dawa kali zaidi. Nilipoteza kazi, na jiji lile nililokuwa nimeanza kulipenda, na vilima vyake vya taa jioni, na kahawa ya tangawizi ya Biryogo. Shangazi alilia kwa aibu zaidi kuliko kwa huzuni. Nimefanya kazi Kahama, Mpanda, Kalemie, nimevuka maziwa na mipaka, na bado nikisikia mvuke ukipuliza mahali popote, moyo unageuka kutafuta lile lango.

Nikuambie basi ninachotaka ukishike. Utakwenda mahali ambapo hawana dhahabu wala bahari, wanachouza ni uangalifu wao tu. Ukiwa mmoja wao, huo uangalifu si wako wa kugawa unavyopenda. Hamu ya kwenu ibebe, usiitupe. Lakini ipe siku yake ya mapumziko, uilie, uipikie, uiimbie. Usiifanye kipimo cha kazi ya watu. Kitu kikikupendeza sana mkononi, hapo hapo kipime mara ya pili. Na mtu akikutilia sahihi kabla hujafanya kazi, hiyo ni shingo yake amekupa uishike. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, tena umwambie anayeumia na anayeamua, usiende kumwambia yule tu ambaye unajua atakusamehe.

Niliondoka Kigali moja kwa moja asubuhi ya tatu baada ya Idi. Mzee Sudi alikuja kituo cha mabasi cha Nyabugogo kabla ya zamu yake, amevaa koti la kazi. Hakunihubiria tena. Alisimama chini ya dirisha la basi mpaka dereva akawasha injini, kisha akaniambia, "Jana nilirudisha mikupuo miwili. Meneja alinuna, lakini imetoka vizuri," kama vile mtu anavyomwambia mwenzake wa kazi habari za kazi. Basi likaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya lile lori, nilimtazama usoni bila kuinamisha macho.

Mwanangu, Mola akupe mkono wa uangalifu na ulimi usiokawia kukiri. Akupe mzee wa kukukaripia na kukulisha kwa wakati mmoja. Na mji utakaoupenda, akujalie ukae humo.