Chaneli ya Saba

Oddveig alikuwa mpiga picha wa mji wa Volda, Norwe, tangu zamani, kabla simu hazijaanza kupiga picha, na hilo alilisema mwenyewe hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Studio yake ilikuwa juu ya duka la viatu. Watoto wa kipaimara, maharusi, wazee wenye medali zao, wote walipanda ngazi zile na kukalia kigoda chake. Siku hizo taa za flashi zilifungwa kwenye kamera kwa waya mrefu, na kila wiki kulikuwa na bibi harusi aliyejikwaa. Baadaye kikaja kidude kidogo kinachokaa juu ya kamera: unabonyeza, kinarusha ishara ya redio, na taa zote chumbani zinawaka kwa pamoja. Oddveig alitupa nyaya, akanunua taa mbili nzuri na miavuli yake myeupe, akaamini kwamba sasa hakuna wa kumfikia.

Kisha mdogo wake Gunnvor, aliyekuwa nesi, akastaafu mapema kwa sababu ya mgongo, akanunua kamera.

Mwanzoni Oddveig alimcheka. Kisha akamfundisha, kwa shingo upande. Haukupita muda, watoto wa kipaimara wakawa wanapanga foleni kwenye banda la mashua ambalo Gunnvor aliligeuza studio, eti mama yule anachekesha, na Oddveig akabaki na picha za pasipoti. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Watu wakisema Gunnvor ana jicho, yeye huuliza, "Na mimi nina nini, kongoro?" Wakacheka wakidhani anatania. Hakuwa anatania hata kidogo.

Hayo angeweza kuyameza. Kilichomchoma roho ni simu ya mama yao, Borghild, siku chache kabla hajatimiza miaka tisini.

"Picha ya ukoo atapiga Gunnvor," mama alisema. "Wewe lete taa tu."

"Taa tu, mama?"

"Taa tu. Za kwake hazitoshi ukumbi mzima, kasema mwenyewe, hatazileta. Na uvae bunad yako, usije na hiyo fulana nyeusi ya kazini."

Oddveig alikata simu akakaa jikoni, kahawa ikapoa mbele yake. Kila picha iliyotundikwa sebuleni kwa mama ilitoka mkononi mwake. Leo picha kubwa kuliko zote anapewa nesi, na yeye amegeuzwa mchukuzi wa vyombo.

Jumapili ya sherehe ukumbi wa nyumba ya sala ulijaa watoto, wajukuu, vitukuu, mikate laini ya lefse na keki za krimu. Oddveig alifika amevaa bunad, vazi la jadi la kwao, vifungo vya fedha vinang'aa, uso umekunjamana. Kaka yao Magnar, ambaye mdomo wake haupumziki, akampokea mlangoni.

"Lo! Fundi umeme kaja na nguo ya sikukuu!"

"Kula keki yako, Magnar."

Akasimamisha taa zake mbili, moja kila upande. Gunnvor akaja mbio, akamkumbatia.

"Dada, umeniokoa! Ziko chaneli gani?"

"Ya kwanza. Kama kidude chako."

Kidude na taa visipokuwa chaneli moja, taa haziwaki, na kila mpiga picha wa bonde lile alikuwa chaneli ya kwanza, kama vifaa vilivyotoka kiwandani. Hakukuwa na jirani wa kuingiliana naye. Gunnvor akabonyeza kujaribu, taa zikawaka, wajukuu wakashangilia. Kisha akaenda chumba cha nyuma kumvalisha mama shali yake.

Hapo ndipo shetani wa Oddveig alipomnong'oneza. Akajitia anakaza miguu ya taa, akapeleka zote mbili chaneli ya saba. Kwenye begi lake, chini ya meza ya kahawa, kulikuwa na kamera yake, na kidude chake akakiweka saba vilevile. Mpango ulikuwa mwepesi: Gunnvor ataumbuka mbele ya ukoo mzima, watu wataanza kutazamana, na hapo dada mkubwa atajitokeza na kuiokoa siku. Moyo ulimdunda kwa furaha mbaya.

Mama akaletwa, akakalishwa katikati, ukoo ukapangwa nyuma yake kwa safu. Oddveig alibaki kando, karibu na taa.

"Wewe unafanya nini huko?" mama akauliza. "Njoo." Akapigapiga kiti kitupu ubavuni mwake.

"Mimi? Nashika taa, mama."

"Taa ina miguu yake. Njoo ukae." Oddveig akaenda, akakaa. Mama akamshika mkono. "Unafikiri kwa nini nilimwambia Gunnvor apige? Nyumbani kwangu kuta zimejaa picha. Magnar yupo, Gunnvor yupo, mpaka mbwa yupo. Ila wewe humo. Siku zote uko nyuma ya lile dude. Nimechoka kuwaeleza wageni kwamba nina binti mwingine."

Oddveig alihisi damu ikimpanda usoni.

"Haya, moja, mbili, tatu!" Gunnvor akabonyeza. Taa hazikuwaka. Akabonyeza tena. Kimya.

"Nesi, mgonjwa amekufa!" Magnar akadakia, na ukoo ukacheka.

Gunnvor hakucheka. Akatoa betri, akairudisha, akapuliza juu ya kamera. Mtoto mmoja akalia, safu ya nyuma ikaanza kuvunjika kuelekea kwenye keki.

"Sielewi," akasema. "Sasa hivi tu zilikuwa nzima. Dada, jamani, nisaidie. Nitaaibika mimi."

Mama akashusha pumzi ndefu. "Basi. Mgongo unaniuma. Oddveig, nenda kapige wewe, kama siku zote." Akauachia mkono wake.

Neno alilokuja kulitafuta lilikuwa hilohilo, na sasa lilimwingia kama maji ya barafu. Angesimama tu, achukue begi, apige makofi mara moja kuwaweka watu sawa, taa ziwake. Hakuna ambaye angejua. Na kwenye picha hiyo, kiti cha ubavuni mwa mama kingekuwa kitupu.

"Weka saba," Oddveig akasema.

"Nini?"

"Chaneli. Weka ya saba."

Gunnvor akamtazama. "Tulijaribu kwenye ya kwanza."

"Nimezibadilisha."

"Saa ngapi?"

"Ulipokwenda kumvalisha mama."

Magnar aliacha kutafuna. Oddveig akatamani sakafu ya mbao ifunguke immeze, bunad na vifungo vyake vyote. Gunnvor hakuuliza kwa nini. Aliinamisha kichwa, akabonyeza kidude chake mpaka kikasoma saba, na masikio yake yakawa mekundu.

"Mwenye la kusema atalisema baada ya kahawa," mama akasema. Akautafuta tena mkono wa Oddveig, akaukamata kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitarajia. "Piga, Gunnvor."

Taa zikawaka.

"Mama, tazama huku kwangu," Gunnvor akasema.

Mama hakutazama. Alikuwa amemgeukia Oddveig, anamwekea sawa kola ya bunad kwa vidole vyake vilivyopinda, anatabasamu.

"Mama. Kwenye kamera. Tafadhali."

"Natazama ninapotaka. Wewe piga tu."

Gunnvor akaishusha kamera kidogo. Uso wake ule Oddveig aliujua vizuri. Alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe kila alipopita mbele ya banda la mashua na kuiona ile foleni. Angeweza kumgeuza mama kwa upole, amwambie, mtazame na huyu. Badala yake alinyoosha shingo kola ikae vizuri, akatulia hivyohivyo, na kilichomtia aibu kuliko yote aliyoyafanya siku hiyo ni kwamba alifurahi.