Picha Iliyokuja Ndani ya Bahasha
Kwenye ofisi ya vifurushi vya mabasi tulikuwepo mimi na mwanangu mgongoni, dada karani, na mzee mkulima wa tumbaku kutoka Usoke.

Mzee alikuwa ameagiza mtandaoni picha kubwa ya marehemu mkewe, yenye fremu ya kioo, ya kuweka siku ya arobaini. Ilifika kwenye bahasha ya kaki tu, kioo kimevunjika. Juu waliandika: "Shika taratibu." Nadhani walituachia sisi kazi hiyo.

"Tumbaku tunaishonea gunia," mzee alisema. "Huyu wamemtia kwenye bahasha."

"Pole, baba. Uso haukukwaruzika," karani alimwambia.

Aliokota vipande vya kioo kimoja kimoja, akavua khanga yake begani, akaifunga picha.

Wiki iliyofuata khanga ilirudi kwa basi, imefuliwa, imeshonewa ndani ya gunia.