Kampuni ya dobi ilituita tubuni nayo huduma, mimi tena siiamini

Wakuu, mambo? Hii imenikuta mwenyewe hapa Kigali. Chumvi sijaongeza, labda pilipili kidogo.

Nasoma sekondari, nakaa Nyakabanda na mama. Kuna kampuni inakuja kuchukua nguo chafu Jumatatu, inarudisha Jumatano zimepigwa pasi. Mama ni mteja wao sugu.

Juzi wakaomba wateja wao waje Kimisagara wabuni nao huduma. Unaandika wazo kwenye kikaratasi, unabandika ukutani, wanalijaribu wiki moja. Likifeli wanatupa, wanachukua lingine. Wanaita sprint. Soda na sambusa bure.

Hapo tu nikashtuka. Tangu lini kampuni ikaomba akili kwa mtu kama mimi? Hata mwalimu wa hesabu alishakata tamaa.

Lakini sambusa ni sambusa. Jumamosi nikaenda.

Na nilikuwa na shida yangu. Ijumaa nilimwigiza mkuu wa shule mbele ya darasa, tumbo na yote, kumbe yeye yuko mlangoni. Nikapewa barua ya kumwita mzazi. Mama akiisoma, simu yangu kwaheri mpaka mitihani iishe.

Basi nikaandika: "Msipekue mifuko. Fueni na vilivyomo." Dada wa kampuni akacheka, "Wazo zuri, mdogo wangu!" Akalibandika chini kabisa, karibu na sakafu.

Cheko lile sikulipenda.

Jumatatu nikaacha barua ndani ya kaptula ya shule, makusudi. Ifuliwe, iwe uji, mimi niseme nilisahau.

Jumatano kijana wa kampuni akaja na nguo, pamoja na kimfuko cheupe.

"Mama, hivi vilikuwa mifukoni. Tunajaribu lile wazo lako la Alhamisi, la kupekua kabla ya kufua."

Alhamisi?? Kumbe kina mama walikuwa na kikao chao!

Ndani: kalamu, bazoka ya kutafuna na barua yangu. Kavu. Wakuu, walikuwa wameipiga na pasi.

Mama akasoma mpaka chini, akaniangalia.

"Ariko sha, lakini mwanangu, hii barua imenyooka kuliko wewe."

Kisha akamgeukia kijana: "Waambie limefaulu. Wasibadilishe kitu."

Uzi huu naandika kwa simu ya binamu, dakika kumi tu.

Nilichojifunza: kampuni ikisema inawasikiliza wateja, uliza kwanza wateja gani. Anayelipa ndiye mteja. Wewe mwenye kaptula ni mzigo.

Mliowahi kuitwa kwenye vikao hivi, semeni ukweli: wazo lenu lilibandikwa juu au chini? Na mama zenu walikuwa wapi siku hiyo?