Kitufe Hakipumui

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo mimi, Keji, mtu wa kukaa nyumbani kuliko mafiga, nilitoka mtaani kwetu Munuki, hapa Juba, kwa miguu hadi bandarini nikaimba roki mbele ya wapagazi. Usicheke kwanza. Utacheka nikikuruhusu.

Nimeikumbuka kwa sababu ya jana. Jana ulikuja hapa na wenzako wa bendi, mkakalia viti vyangu, mkanywa chai yangu, mkanieleza kwa furaha kwamba mnaufanyia mazoezi ule wimbo mrefu wa zamani wenye saksafoni. Moyo wangu ukaruka. Nikauliza, "Na saksafoni atawapigia Mzee Lado wa New Site?" Wewe, mjukuu wangu mwenyewe niliyekubeba mgongoni, ukanijibu, "Haboba, yule mzee alikuja, tukamwambia akapumzike. Kinanda chetu kina kitufe cha saksafoni."

Akapumzike! Nilinyamaza, na wenzako wakadhani nimekubali. Nilikuwa natafuta fimbo. Hadi leo asubuhi sijaiona, kwa hiyo nakuandikia.

Miaka ile ya vita mji wetu ulikuwa umezingirwa. Barabara zilitegwa mabomu, unga uliletwa kwa ndege au kwa mto, na kafyu ilitufungia ndani jua likiwa bado lina nguvu. Kila mtu aliilalamikia kafyu isipokuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza sekondari, kazi hakuna, na wakubwa wenyewe wameamuru watu wakae majumbani. Nani Juba nzima alikuwa na sifa za kunizidi?

Hata muziki sikuufuata, ulinifuata. Baba yangu alirudi kutoka uhamishoni Uganda na jenereta ndogo na Kiswahili alichokiokota kwenye gereji za Kampala, akawa anawachajia watu betri uani kwetu. Vijana wanne wa parokia wakamwomba umeme wa kufanyia mazoezi, naye akakubali kwa sharti la kumchotea maji. Kiongozi wao alikuwa Wani, mpiga gitaa, kijana mwenye nywele nyingi na maoni mengi zaidi ya nywele. Kulikuwa na mpiga kinanda, kulikuwa na mpiga ngoma, na kulikuwa na Lado, mpole, mrefu kama nguzo ya simu, mwenye saksafoni aliyoachiwa na marehemu mjomba wake.

Walikuwa na kaseti moja isiyo na jina, iliyoletwa na mtu aliyesoma Ulaya. Upande mzima wa kaseti ulikuwa wimbo mmoja. Mmoja! Ndiyo hiyo roki wanayoiita progresivu. Haichezeki, mwanangu. Ukijaribu kuicheza unateguka nyonga, maana mguu ukishazoea kuhesabu nne, wao wameshahamia saba. Ni muziki wa kukaa chini. Ndiyo maana tulielewana mara moja.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Kwenye rumba, saksafoni ni mwenye nyumba. Unaisikia tangu mlangoni, inakukaribisha, inakuonyesha pa kukaa. Kwenye wimbo ule haikuwa hivyo hata kidogo. Gitaa lilianza peke yake. Kinanda kikaja kikajenga ngazi juu ya ngazi, ngoma zikazunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo, na yote ilikuwa nyaya na mitambo, mpaka unajiuliza kama hawa watu wana mama zao. Halafu, mbali kabisa ndani ya kanda, anaingia mtu. Nasema mtu. Unasikia mate, unasikia kifua. Anaanza chini, kama mgeni anayekohoa nje ya uzio kabla ya kupiga hodi. Kisha anasema lile jambo ambalo wengine wote walikuwa wanalizunguka tu. Akishalisema, anashikana na gitaa, wanaipanda pamoja ile hesabu ya saba, noti kwa noti, na gitaa lililokuwa mifupa mitupu linapata nyama. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikuielewa methali hiyo shuleni. Niliielewa kwa kaseti.

Tatizo la Lado lilikuwa ulimi. Mdomoni mwa saksafoni kuna kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka ukipuliza, na wao walikiita ulimi. Kikipasuka, chombo chote ni bubu. Wakati huo hata chumvi Juba ilikuwa hadithi, sembuse ulimi wa saksafoni. Lado alikuwa amebakiwa na mmoja mzima. Alijaribu kuchonga mwingine kwa matete ya mtoni na wembe, ukatoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa mkia. Basi ule mmoja akautunza kwa ajili ya siku ya onyesho katika ukumbi wa parokia. Mazoezini alisimama na saksafoni kifuani, akingoja. Nafasi yake ikifika anajaza mashavu, vidole vinakimbia, na hapulizi. Mimi nilikuwa pembeni nasonga asida, ugali wetu wa huku, nikimtazama vidole, na nakuapia niliusikia kila mstari. Asida iliungua mara nyingi. Mama alidhani ni mapenzi. Mama hakuwa mjinga, lakini hayo si yako.

Wani hakusikia kitu.

"Huyu anasimama hapa kama askari wa zamu," akasema siku moja mbele yetu sote. "Wimbo karibu wote hafanyi chochote, na asida anakula sawa na sisi."

"Nangoja nafasi yangu," Lado akajibu.

"Nafasi yako iko harusini, kaka. Saksafoni ni ya rumba. Roki ni gitaa." Akamgeukia mpiga kinanda, ambaye ndugu yake alikuwa amemletea kinanda kipya kutoka Khartoum. "Hebu bonyeza kile."

Kinanda kikalia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Juu ya kitufe paliandikwa saksafoni. Hata mtu akiandika nyama juu ya gunia la mchanga, tutakula?

"Khalas," Wani akasema, akipiga makofi. "Tumepata. Na hiki hakili."

Lado aliutoa ulimi wake, akaufunga kwenye kitambaa, akautia mfukoni mwa shati. Mama yake mkubwa alikuwa amempatia nafasi kwenye tishari, lile boti pana la mizigo linaloshuka na mto kwenda kaskazini, mbali na mabomu. Kila mara alikuwa anaikataa. Alisema ana wimbo wa kumaliza. Sasa hakuwa na wimbo, na tishari lilikuwa linaondoka Jumapili ileile ya onyesho, asubuhi.

Mwanangu, mimi kwenda kisimani nilikuwa naaga watu. Lakini Jumapili ile, misa ilipokwisha, sikurudi nyumbani. Nilishika njia ya bandarini, jua linanipiga utosini, kiatu kimoja kinanibana na kingine kinanikimbia. Nilimkuta Lado amekaa juu ya gunia la mtama kati ya mbuzi, magodoro na mama mmoja muuza chai.

Aliponiona alisimama kwa hofu. "Keji? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuambia usiende."

"Wani amekutuma?"

"Wani hajui hata kama nina miguu. Mimi mwenyewe nilikuwa na mashaka."

Akacheka kidogo, kisha akatazama tishari. "Nikibaki, nitabaki nafanya nini? Kuwachotea maji?"

Ningemwahidi nini, na mjini mabomu yalikuwa yanaanguka kila waliotuzingira walipopenda? Nikasema, "Basi piga. Nimekutazama vidole muda wote huu. Usiondoke sijakusikia."

Akafungua kile kitambaa, akaufunga ulimi mahali pake, akauweka mdomoni. Kisha akautoa tena. "Siwezi kuanza hivihivi."

"Kwa nini? Unangoja mwaliko wa askofu?"

"Nafasi yangu haijafika. Ukianzia kwangu, mimi ni honi ya lori tu."

Sasa cheka, nimekuruhusu. Maana mimi, mwenye sauti ambayo kwaya ya parokia iliniomba kwa heshima niitumie kuombea wagonjwa, nilisimama bandarini nikauimba wimbo ule tangu mwanzo. Gitaa nililiimba kwa pua. Kinanda nilikiimba kwa koo. Ngoma nilizipiga kwenye dumu la maji la watu. Wapagazi walitua mizigo. Mama muuza chai akamwambia mwenzake, "Maskini, malaria imempanda kichwani." Askari wa getini alisogea aone kama ni jambo la kuandikiwa ripoti, akaamua silo. Na mimi sikuruka hata kipande, maana niliujua wote, na maana wimbo ukiisha tishari lingeondoka. Lado alisimama mbele yangu vilevile kama uani kwetu, saksafoni kifuani, macho ameyafumba, anangoja.

Nafasi ikafika. Na safari hii akapuliza.

Kwanza alikohoa pale chini, nje ya uzio. Nikanyamaza, na bandari nzima nayo. Halafu akaingia. Sina maneno, mwanangu, na mimi si mtu wa kukosa maneno. Ilikuwa kama mtu anayewaita kwa majina wote waliotoka nyumbani wasirudi, na hakukosea jina hata moja. Mama muuza chai alikuwa anammiminia mteja, na chai ikajaa, ikamwagika, na mteja hakudai. Pale juu kabisa, kwenye noti ya mwisho, ulimi ukapasuka. Nilisikia ukipasuka. Lado hakuiachia noti. Aliishika hivyohivyo, imechanika, mpaka pumzi yake ikaisha.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ulimi aliokuwa ameutunzia ukumbi mzima, aliumaliza kwa ajili yangu na wapagazi. Tishari likapiga honi, akanishika mkono, akapanda. Mama muuza chai alinipa kikombe bure. "Kunywa, binti yangu," akasema. "Huna malaria."

Alasiri, kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibu siku kwa kutembea, nilikwenda na Baba kwenye onyesho. Ukumbi ulijaa. Walipiga vizuri, siwezi kusema uongo hata nikiwa na hasira. Ngazi zilijengwa, ngoma zilizunguka, watu wamekaa kimya wanaegemea mbele. Nafasi ikafika, na mpiga kinanda akabonyeza. Bzzz. Watu wakaegemea nyuma. Mmoja akapiga miayo, mwingine akamuuliza jirani bei ya mkaa. Wimbo ulikwisha, makofi yakapigwa yale ya kumpigia padre akitangaza mchango.

Baba yangu hakuwa mtu wa mikutano. Alimsubiri Wani nje, mlangoni; Wani akatoka nywele zimelowa jasho, na Baba akamsemesha kwa Kiswahili chake cha gereji, mbele ya mashabiki wa bendi.

"Wewe Wani, mimi iko na swali moja. Ile kitu ya mwisho, nani alikuwa anapumua pale?"

"Hakuna mtu, mzee. Ni mashine."

"Aa. Sasa nimeelewa." Baba akatikisa kichwa. "Wimbo yote nyinyi mlikuwa mnaita mtu. Mnaita, mnaita, mpaka sisi wote tunaangalia mlango. Halafu mtu hakuja. Kijana, mtu yako ya maana alikuwa anasimama kwa nyumba yangu kila siku, na wewe ulimfukuza sababu ya asida. Ile asida ilikuwa ya kwangu!"

Hakuna aliyecheka. Kaseti ile hawakuigusa tena, na bendi ikaishia kwenye harusi, kwa gitaa tupu.

Lado alirudi amani ilipopatikana, na mvi, na saksafoni ileile. Amekaa kule New Site miaka yote hii akipigia mazishi ya jirani, mpaka aliposikia kwamba kuna vijana Munuki wanaufanyia mazoezi wimbo wake. Akapanda bodaboda, saksafoni mapajani, na mgongo ule unaomuuma. Nanyi mkamwambia akapumzike! Mmerithi wapi roho ya Wani ninyi? Mimi nilidhani tumeiacha vitani. Usiache mbachao kwa msala upitao, na huo wenu si hata msala, ni kitufe.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtu anayengoja usimwite mvivu mpaka umejua anangoja nini. Kuna kazi ambazo nusu yake ni kusimama kimya huku wengine wanasikika, na anayeiweza hiyo ni adimu kuliko mwenye vidole vyepesi. Na ukiandaa nyumba kwa ajili ya mgeni, ukafagia, ukapika, ukawasha taa, usimweke sanamu kitini ukasema mgeni amefika. Wageni wengine watajua, hata kama hawajui muziki. Wataegemea nyuma tu.

Mwezi uliopita nilimwagizia Lado ndimi za saksafoni kutoka Kampala, zikaja na basi. Ziko hapa kwangu, kwenye kopo la sukari, nzima zote. Njoo uzichukue, uende New Site mwenyewe, usitume mtu. Piga hodi. Ukimkuta anapumzika kama mlivyomwagiza, mwamshe, umwambie nafasi yake imefika.

Na siku ya onyesho nitatoka nyumbani. Ndiyo, mimi. Nitakaa mbele.

Mungu akujalie pumzi ndefu, mwanangu, na moyo wa kungoja. Na siku zako za kusimama kimya zikifika, maana zitafika, akupe watu watakaouimba wimbo tangu mwanzo kwa ajili yako.