Mwenye Mali ni Nani

Kufuli halikuvunjwa. Hilo ndilo lililonitia baridi. Nilifungua banda letu asubuhi kama kawaida, nikaingia na beseni la mwani mkavu kichwani, na pale palipokuwa na injini ya kusagia nikakuta doa la mafuta sakafuni, na nati zimefunguliwa vizuri zikapangwa pembeni. Nilisimama pale na beseni langu kichwani mpaka shingo ikaniuma. Mwizi wa kuvunja mlango humjui. Mwizi wa kufungua mlango ni mtu wako.

Sisi ni kikundi cha wanawake wa kijiji cha Tumbe. Tunalima mwani, tunaukausha, tunausaga unga, tunatengeneza sabuni. Kabla ya injini tulikuwa tukitwanga kwenye kinu mpaka viganja vinatoka damu, na mwisho wa siku unga wenyewe hautoshi kuoshea uso. Kisha wakaja wafadhili. Walitupa mafunzo, wakatujengea banda, wakatuletea injini na kufuli lake jipya, tukapiga vigelegele, mgeni akakata utepe. Tangu siku hiyo tukaiita "mashine ya wafadhili", na tukaifuta vumbi kila jioni kama vile unavyofuta sahani ya mgeni.

Usiione ndogo mashine ile. Mshika fedha wetu, mama mjane, alikuwa akilala jikoni kwa kaka yake, na wifi mtu akimpikia maneno kila siku. Kwa sabuni alijenga chumba chake mwenyewe, chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Mwingine anasomesha binti Chake Chake. Mimi nilianza kununua dagaa bila kuomba ruhusa. Injini ikipotea, tunarudi kwenye kinu, na mama yule anarudi jikoni kwa kaka yake.

Na mwenyekiti ni mimi. Walinichagua kwa mdomo wangu, si kwa moyo wangu. Kwenye semina ya uongozi mwalimu kutoka mjini alituambia kiongozi haogopi, nami nikainamisha macho kwenye soda yangu, maana mimi hata kuku anayeatamia nampitia mbali.

Funguo tulizokuwa nazo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao mshika fedha, ameufunga kwenye pindo la kanga. Mwingine ulikuwa kwangu, umetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda. Na chini ya msumari ule hulala mume wangu.

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza kupata sura. Mume wangu ni mvuvi, anaingia baharini na boti ya mwenzake, na injini ya boti ile ilikuwa imekufa tangu Ramadhani. Mwanamume akikaa nyumbani bila kazi huanza kuonja chumvi kwenye vyungu visivyomhusu. Alishawahi kuniambia, "Injini nzima yasaga majani, na watu wazima twakaa pwani kupiga mbu." Nilicheka siku ile. Lakini wiki ile ile iliyopotea injini yetu, boti yao ikafufuka. Akaja nyumbani na samaki, na mikono imejaa mafuta meusi. Nikamuuliza vipuri wamepata wapi. "Mungu kafungua," akasema, akalala.

Tulikutana bandani, mlango tumeuegesha. Katibu wetu, msichana aliyesoma, akasema tupige simu ofisini kwa watu wa mradi, kule Gombani.

"Kuwambia nini?" wakamrukia. "Kwamba twalinda mali kama tulindavyo upepo?"

Tulikuwa tumesikia kwamba kikundi cha kijiji kingine kilipoteza cherehani, na wafadhili hawakurudi tena. Na wageni walikuwa njiani kuja mwezi ule ule. Kwa hiyo nikatoa amri yangu ya kwanza kama kiongozi: mtu asithubutu kupiga simu. Tuliwaogopa waliotusaidia kuliko tulivyomwogopa aliyetuibia.

Kisha mshika fedha akasema, "Isomwe halbadiri. Mie sina ninachokiogopa. Kikulacho ki nguoni mwako." Hakuniangalia. Ndiyo maana nilijua ananisema mimi.

Asiyeijua halbadiri ashukuru. Ni dua nzito, mtu aliyedhulumiwa humshitakia Mungu kwa majina ya watu waliopigana vita vya Badri. Wapo masheikh wanaoikataza, lakini woga hausikilizi fatwa. Kwetu husemwa aliyesomewa huvimba, huota majipu, hudhoofika mpaka anakwenda zake. Na ukiisomesha kwa dhulma, hukurudia wewe na kizazi chako. Ningeikataa vipi? Ningekataa, kijiji kizima kingejua kwa nini. Nikasema, "Isomwe," na sauti yangu ikatoka nyembamba kama ya mtoto wa chuo cha Kurani.

Kwa desturi mwizi hupewa muhula. Ikatangazwa kwa kipaza sauti cha msikiti: aliyechukua mali ya kina mama arudishe kabla ya Ijumaa. Na hapo kijiji kikaingiwa na homa. Kila asubuhi tulikuta vitu mlangoni pa banda. Sufuria. Jembe. Kanga ya mtu, bado ina bluu ya kufulia. Pampu ya baiskeli. Jogoo amefungwa miguu, anatutazama kwa chuki. Kiatu kimoja cha kushoto, sijui mwizi wake alikuwa akikivaa vipi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, lakini injini haikuwamo. Watu wote wa Tumbe walikuwa wametubu isipokuwa mmoja.

Siku mbili kabla ya Ijumaa mume wangu alirudi kutoka pwani anatetemeka. Hakula. Nilipomvua shati nikaona jipu shingoni, jekundu, limekaza. Halbadiri yenyewe bado, na huyu tayari.

Nikamkanda kwa maji ya moto. Nikamwambia polepole, "Baba watoto, huna la kunambia?"

"La nini?"

"Lolote. Mambo bado hayajaharibika."

Akanitazama. "Nambie weye. Wanitazama kama maiti, kuna nini?"

Mdomo wote ule waliouchagua, haukupata neno. Nilimpikia uji, nikamwekea mto, na kila nilipoinua macho niliuona ule ufunguo juu ya kichwa chake.

Ijumaa baada ya alasiri tulikusanyika uani kwenye chuo cha Kurani, wanaume upande wao, sisi kwenye mikeka upande wetu. Chetezo kilikuwa kinafuka ubani. Maalim, mzee mpole aliyetusomesha karibu sote, hakuwa na furaha na kazi ile. Akatutazama, akauliza, "Mwenye mali n'nani?"

Tukatazamana, naye akaendelea.

"Hino dua haisomwi hivi hivi. Lazima asimame mwenye mali aseme: mimi nimedhulumiwa. N'nani?"

Mmoja wetu akasema, "Ya wafadhili, Maalim."

"Basi waje wafadhili waisomeshe. Mie siwezi kusomea kitu kisicho na mwenyewe."

Nyuso zote zikanigeukia. Na mimi nikauona mlango wazi kabisa mbele yangu. Ningetikisa kichwa tu. Ningesema kweli, Maalim, si yetu, sisi tuliwekewa, na tungeinuka tukakunja mikeka, na nisingelaumiwa na mtu. Ningerudi nyumbani nikamkande mume wangu. Nilitaka hivyo kwa moyo wangu wote, Mungu ananijua.

Lakini nilikuwa nimekaa ubavuni pa mshika fedha, na mikono yake ilikuwa mapajani, imebabuka kwa dawa ya sabuni. Ile mikono iliikoroga sabuni mpaka ikajenga chumba. Wafadhili walileta chuma. Mwani aliutoa nani? Nani aliamka kufuata maji ya bamvua, bahari ikikupwa mbali? Nikajikuta nimesimama.

"Mwenye mali ni sie," nikasema. "Na mie ndie ninayewasemea."

Maalim alinitazama. Nadhani na yeye alikuwa amesikia kuhusu ile boti. "Hata akiwa mtu wako, mwanangu?"

Watoto wangu walikuja mbele ya macho yangu. "Hata akiwa mtu wangu."

Ikasomwa. Kila jina lililotajwa niliitikia na wenzangu, na kila nilipoitikia nilimwona mume wangu akipungua kitandani.

Siku zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka. Hakuinuka. Jipu liliiva, homa ikampandisha, akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Nilimpeleka hospitali, akapewa dawa, nikarudi naye, na njia nzima nilikuwa nikisema kimoyomoyo: Yarabi, nimekushitakia, sikukwambia umuue. Nilimwogopa Mungu, nikamwogopa Maalim, nikaogopa kumgusa mtoto wangu yeyote kwa hofu ya kukuta ana moto.

Jumatatu likaja gari la mradi kutoka Gombani. Tulikuwa bandani, tumerudi kwenye vinu. Akashuka yule kijana ofisa wao, mcheshi, tunampenda, anacheka tangu mlangoni. "Mama zangu, nimewarudishia mashine yenu!"

Injini ilikuwa nyuma ya gari.

Akatueleza. Wageni walikuja mapema, wakapelekwa Msuka kwanza, na kikundi cha kule hakijapata mashine bado. Akaona aiazime ya kwetu siku chache wageni waione inavyofanya kazi. Ufunguo wa tatu ulikuwa ofisini tangu kufuli liliponunuliwa.

"Mbona hukutwambia?" nikamuuliza.

"Nilipita mko shambani, sikutaka kuwasumbua. Na kwani si mashine ya mradi?"

Mshika fedha akajishika kichwa. "Yarabi tumesamehe! Tumemsomea mtoto wa watu!"

Kijana ni mzaliwa wa Chake, haikuhitaji tafsiri. Aliposikia neno halbadiri kicheko kilimkatika, akajishika shingo kwa mikono yote miwili. "Mama, nisameheni. Wallahi sikukusudia. Nisameheni."

"Sema umechukua cha nani," nikamwambia.

"Chenu."

"Bila nini?"

"Bila ruhusa yenu."

"Tumekusamehe," nikasema, na wenzangu wote wakaitikia, mmoja mmoja, kwa sauti, ili isibaki hata chembe. "Na ule ufunguo wa tatu uache hapa."

Akautoa kwenye shada lake la funguo. Akaniwekea kiganjani.

Nilirudi nyumbani nakaribia kukimbia. Mume wangu alikuwa amekaa, jipu limepasuka asubuhi ile, homa imeshuka, ana bakuli la uji mkononi. Nikamsimulia yote, kijana, Msuka, ufunguo, nikimwigiza jinsi alivyojishika shingo. Nilicheka peke yangu.

Alipuliza uji. "Vipuri vya boti alitupa mjomba wa mwenzangu," akasema. "Ungeniuliza ningekwambia." Akanywa kidogo. "Nasikia Maalim alikuuliza, hata akiwa mtu wako."

"Aliniuliza."

"Na mie nimelala hapa na jipu."

"Ndiyo."

"Ukadhani ni mie."

"Nilidhani."

"Ukasimama."

"Nikasimama."

Hakunikasirikia. Ningependa angenikasirikia. Alimaliza uji wake, akanipa bakuli, akaelekeza kidevu juu ya kitanda. "Basi ufunguo wako huo usiutundike tena juu ya kichwa changu."

Niliutoa msumarini, nikautia uzi. Nalala nao shingoni mpaka leo. Mume wangu mzima, injini inanguruma, na bado kuna kitu kinanitisha: najua kwamba Maalim akiniuliza tena, nitasimama.