Bendera Iliyoshuka Saa Sita Mchana

Nyinyi mnaoniita "Mwandishi" kwa kunicheka, sikilizeni basi jambo lenyewe kutoka kwangu, maana kila anayelisimulia anaongeza lake, na aibu ikishakuwa yako ni afadhali uibebe mwenyewe.

Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi tu, na nilikuwa (bado niko) mtu wa haya, wa kuzunguka nyumba nzima ili nisipite mbele ya wageni. Lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, wa polepole na safi, na kwa mwandiko huo Mama Feza akanichukua katika atelie yake, karakana ya pale mtaani Makiso, walipokuwa wakiunganisha mashine za kusaga muhogo. Mashine zilipelekwa kwa boti za mtoni mpaka mji wa Basoko na mbele zaidi, na ziliharibika upesi, kwa sababu karatasi za maelekezo zilizokuja na injini kutoka Ulaya hakuna aliyeweza kuzisoma. Kazi yangu ilikuwa kuandika karatasi mpya kwa Kiswahili: namna ya kuwasha, kusaga na kuzima.

"Simama karibu na Tonton Amisi asubuhi," Mama Feza aliniambia. "Kila kitu anafanya, andika. Usiache hata kimoja. Kule mutu akikosea, haiko wa kumuuliza."

Tonton Amisi alikuwa fundi wetu mkuu, na kumtazama kazini ilikuwa raha. Aliweka kiganja juu ya injini kama mama anayepima homa ya mtoto, halafu anakwambia ni wapi panapouma. Nilimpenda na kumwogopa sawasawa. Sasa, kila asubuhi kabla ya kuwasha, alipandisha bendera uani, sote tukaimba na kucheza nyimbo za Chama, kilichokuwa kimoja tu nchini siku zile, kama ilivyokuwa desturi kila mahali pa kazi, kisha akavua shati akalitundika, akakohoa, akaipiga mashine teke mguuni, ndipo akatia mafuta, akafungua bomba, akazungusha manivela, ule mkono wa chuma wa kuamshia injini. Nikaandika yote. Kalamu ilisita kwenye bendera, nasema kweli. Nilitaka kuuliza kama hiyo nayo ni sehemu ya kuwasha. Lakini Tonton alikuwa anaongea na watu, nikaona haya, nikajisemea moyoni: kuongeza si kosa, kosa ni kupunguza. (Uamuzi mdogo kama punje ya mpunga, angalieni ulivyoota.)

Siku ya majaribio alikuja Papa Bolamba, mfanyabiashara wa Basoko, mnunuzi wetu mkubwa. Mama Feza alitaka awashe mwenyewe kwa kufuata karatasi tu. Akiweza, mimi naandikishwa kazi. Akishindwa, narudi kwetu. Walikuwepo wateja wengine, na kiongozi wa Chama wa mtaa wetu, ndani ya abakosti, lile koti la wakubwa wa Chama lisilo na tai, iliyofungwa mpaka shingoni (huyo hakukosa mahali popote penye soda).

Papa Bolamba akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Kwanza, pandisha bendera ya taifa."

Sote tukatazama juu. Bendera ilikuwa inapepea tangu asubuhi.

"Iko juu tayari," akasema.

"Bon, endelea," Mama Feza akasema haraka.

"Hapana, Mama. Uliniambia nisiruke kitu."

Mama Feza akanitazama mimi, kisha akamtazama kiongozi. Nani angethubutu kusema, mbele ya abakosti ile, kwamba bendera haina kazi hapo? Hata kiongozi mwenyewe alikunja uso, nadhani alikuwa anatafuta jibu ambalo halitamfikisha gerezani, mwishowe akasema: "Kama imeandikwa, ipandishwe."

Na ili ipande ilibidi kwanza ishuke. Saa sita mchana! Mama muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, ng'ambo ya barabara alipoiona inateremka akaacha beseni, akashika kichwa: "Eh! Nani amekufa? Mukubwa gani amekufa?" Mwenzake akaanza kulia bila kungoja jina. Watu wakajaa langoni, duka la jirani likafunga milango, na askari jandarme akaingia mbio huku anafunga mkanda.

"Nani ameamuru bendera ishuke?"

Nilitaka kusema ni mimi, nikarudi nyuma hatua mbili. Hapo ndipo nilipomjua Mama Feza ni mtu gani. Hakurudi nyuma hata hatua. "Citoyen," akasema, "bendera iko inapanda, na weye unasimama na kofia upande? Unaongea wakati wa bendera?"

Jandarme akanyoosha kofia, akapiga saluti. Kamba ikavutwa. Mama Feza akaanzisha wimbo, akacheza vizuri kana kwamba ndicho tulichokusanyikia, na sote tukacheza, kiongozi, jandarme, hata yule mama aliyekuwa akilia, machozi bado mashavuni. Barabarani wapita njia wakasimama wima juani mpaka ubeti wa mwisho.

Nilifikiri yamekwisha.

"Pili," akasoma Papa Bolamba akihema, "vua shati, ulitundike." Akavua, tumbo likatoka. "Tatu, kohoa." Akakohoa. "Nne, piga mashine teke." Akapiga kwa sandali, akaruka kwa mguu mmoja, na maneno aliyosema kwa Kilingala siyaandiki. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Tonton Amisi alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Mimi nilikuwa nyuma ya pipa la mafuta.

Basi akatia mafuta, akafungua bomba, akazungusha manivela, na injini ikawaka mara moja.

"Mwandishi, toka mu pipa," akaita Mama Feza. "Papa, unasema nini?"

"Karatasi imeniumiza kidole," akasema Papa Bolamba akivaa shati. "Lakini ile ya Wazungu haikuwasha kitu. Ninachukua."

"Alors, kazi uko nayo," Mama Feza akaniambia. "Lakini kesho unarudi kwa Tonton, na unauliza. Haya yako usiifiche tena mu wino."

Nikaapa pale pale, na kiapo hicho nakishika mpaka leo: siandiki hatua yoyote kabla sijauliza ni ya nini, hata sauti ikitetemeka. Kesho yake nikaanza.

"Tonton, kuvua shati ni kwa mashine au ni kwako?"

"Kwangu. Mama nyumbani hapendi mafuta mu shati."

"Na kukohoa?"

"Sigara, mutoto."

"Na teke?"

"Ile ni hasira tu."

Nikafuta moja baada ya nyingine. Nikafika kwenye bendera. Tonton Amisi akatazama langoni, akatazama dirisha la jirani, akainama karibu na sikio langu.

"Ile," akasema, "iache tu mu karatasi."