Treni Nyuma ya Migomba

Sirili alipostaafu udereva wa treni alihamia kwenye banda la ng'ombe. Ndivyo mkewe Winfrida alivyowaambia wanakwaya wenzake, na hakuwa mbali na ukweli. Ng'ombe walishauzwa. Ndani ya banda lile, hapo kwao Shirimatunda, Moshi, mzee alitengeneza meza pana ya mbao, akatandaza juu yake reli ya treni ndogo ya betri aliyoletewa na binti yao Kindness, mfanyabiashara wa mpakani Holili.

Aliijenga njia yake ya zamani, Arusha hadi Tanga: stesheni ya Moshi, milima ya Same, mkonge wa Korogwe. Kazi ilipendeza, lakini kila alipowasha betri moyo ulimsinyaa. Treni ilitoka Moshi, na kufumba na kufumbua iko Korogwe, na Moshi bado unaiona hapo hapo.

"Inazunguka kama kuku aliyefungwa kamba mguuni," alisema Winfrida siku moja alipomletea chai.

Maneno hayo yalimkaa. Safari ile ilikuwa ndefu, aliwaza, kwa sababu mtu hakuona anakokwenda wala alikotoka. Akatafuta vipande vya plaiwudi, akavisimamisha mezani kama kuta, akavitoboa kwa chini ili treni ipenye. Meza ikawa vyumba vyumba. Ukisimama mbele ya Same unaiona Same tu: treni inachomoza, inapita, inapotea, nawe unabaki ukiisubiri.

Akamwita mkewe. Winfrida alizunguka polepole akichungulia chumba baada ya chumba.

"Pazuri," akasema. "Na sisi tuko wapi?"

"Sisi?"

"Nyumbani, Baba Kindness. Treni si ilipita hapo chini?"

Sirili alikitazama chumba cha Moshi. Miaka yote alipita hapo macho yakiwa kwenye reli, akapiga honi, akaamini ameshawasalimu.

"Honi yangu ulikuwa unaisikia?"

"Niliisikia." Winfrida aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Siku uchungu wa kumzaa Kindness uliponishika nilikuwa migombani, na mzigo wa majani kichwani. Ukapiga honi. Nikakuita kwa sauti yangu yote. Ukaenda zako Tanga. Mama yako ndiye aliyenikuta."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia ili iweje? Ulirudi na samaki wakavu, ukambeba mtoto, ukafurahi."

Sirili aliinamisha kichwa. Kisha akachukua msumeno, akakata plaiwudi, akakigawa chumba cha Moshi sehemu mbili, moja iwe ya nyumbani.

"Haya, Mama Kindness. Niambie palikuwaje."

Wakafanya kazi pamoja. Alipopanga migomba ya karatasi, mkewe alitikisa kichwa. "Ilishonana zaidi. Treni sikuwahi kuiona hata siku moja."

"Isionekane kabisa? Itakuwa reli gani hiyo?"

"Ndiyo hiyo niliyoijua mimi."

Akaijaza migomba hadi reli ikafichika, akaongeza mwanamke mdogo wa mbao mwenye mzigo kichwani. Treni ilipowashwa walisimama mbele ya chumba hicho wawili, wakasikia mngurumo ukija, ukapita, ukafifia.

Krismasi ilipofika, Kindness alikuja, akawaamkia, akaingia bandani. Alivisifu vyumba vyote, ila pale akashangaa. "Baba, mbona hapa treni haionekani?"

"Muulize mama yako," alisema Sirili. Akawapisha, akatoka nje, akakaa kwenye kizingiti kumsikiliza mkewe akianza kusimulia.